Kura ya Vigae Nyumbani kwa Thabit

Nyumba ya Thabit, fundi wa kushona kanzu pale Matrah, Oman, ilikuwa na mlango mmoja, kisima kimoja na ua mmoja. Wenye amri walikuwa watatu, na Thabit hakuwemo.

Wa kwanza alikuwa mkewe, Bi Masouda, mzaliwa wa Wete, Pemba. Wa pili alikuwa dada yake Thabit, Bi Nasriya, aliyekulia Mji Mkongwe, Unguja, na hakumwacha mtu asahau jambo hilo. Wa tatu alikuwa binti ami yao, Bi Hamdiya. Huyu alikuja kutoka Bujumbura mwaka ule wa 1970, Waomani wa Afrika walipoanza kurudi kwa wingi. Nyumba zilikuwa haba, basi wote wakabanana humo humo.

Kila mmoja alikuwa na jiko lake, chumvi yake na rai yake. Bi Masouda akisema ua ufagiwe kuanzia mlangoni, Bi Nasriya husema kuanzia kisimani. Bi Hamdiya huuficha ufagio mpaka wakubaliane. Ua ukabaki na taka zake. Thabit alikunywa chai amesimama, akatoka mbio kwenda dukani. Aliipenda kazi yake kupita mafundi wote wa Matrah, maana cherahani haina mdomo.

Sasa lilikuwapo jambo moja ambalo hakuweza kulikimbia. Binti yake, Mahfoudha, alikuwa ameanza kuposwa. Kijana mwenyewe ni Aflah, mtoto wa Mzee Marhoon, muuza vitambaa. Mahfoudha alikuwa amemwona mara nyingi akileta majora dukani kwa baba yake. Hakusema kitu, lakini siku za Aflah kuja dukani, chakula cha baba yake kilifika mapema. Thabit si mjinga. Alijua, na alifurahi moyoni, kwani Aflah ni kijana mwema.

Mzee Marhoon alipokuja mara ya kwanza, mambo yaliharibika. Oman mgeni haikatai kahawa ya mwenye nyumba. Bi Masouda alileta birika lake, kahawa ya iliki. Bi Nasriya naye akaleta lake, ya tangawizi. Bi Hamdiya akaja na lake, nyeusi na kali, kama wanywavyo kwao. Kila mmoja alisimama kando ya mgeni mpaka aone amekunywa. Mzee wa watu akanywa yote kwa adabu. Mara jasho likamtoka chini ya kilemba.

"Thabit, ndugu yangu," alisema huku akitafuta viatu, "moyo unanienda mbio. Nitarudi siku nyingine."

Akaondoka bila kutamka neno la posa. Sokoni watu wakaanza kusema kuwa nyumba ya Thabit ina serikali tatu. Mahfoudha alilia mpaka macho yakavimba. Baadaye Mzee Marhoon alituma salamu kuwa atakuja tena Ijumaa, kwa chakula cha mchana. Thabit alijua kuwa ikiharibika tena, hakuna mara ya tatu.

Akenda kwa jirani yake, Bi Muhsina. Bibi huyu alikuwa akisomesha tarehe, yaani historia, katika skuli ya wasichana huko Unguja. Sasa alikuwa akingoja skuli ya wasichana ifunguliwe, na huku nyuma akiwafundisha wanawake wa mtaani kusoma.

"Mwalimu, nisaidie," alisema Thabit. "Nna wanawake watatu ndani, na kila mmoja ni mfalme."

Bi Muhsina alijitanda buibui lake akaja. Aliwakuta uani wakizozana nani atapika pilau ya Ijumaa. Mtungi wa maji ulikuwa umeanguka katika zogo hilo, na vigae vimetapakaa chini. Mahfoudha alikuwa pembeni akichambua mchele.

"Asalaam alaykum, Wayunani," alisema Bi Muhsina.

Watatu wakageuka. Bi Nasriya ndiye aliyejibu salamu, kisha akauliza, "Nani Myunani hapa? Sie Waislamu."

"Nnajua. Lakini nyie mnanikumbusha watu wa Yunani ya kale, wale wanaoitwa Wagiriki. Nipeni mchele nichambue, niwahadithie."

Wakakaa. Hakuna mwanamke wa pwani anayeikimbia hadithi, hata akiwa na hasira.

"Nchi yao ni milima mitupu na bahari," alianza Bi Muhsina. "Mabonde ya kulima ni machache. Kila bonde lilikuwa na mji wake."

"Kama Oman," alisema Thabit, aliyekuwa amejibanza mlangoni.

"Kama Oman, naam. Zamani sana, katika kisiwa cha Krete, palikuwa na majumba makubwa ya wafalme, na watu wakiandika hesabu zao juu ya udongo. Baadaye, bara, wakaja wafalme wengine wenye ngome za mawe. Kisha yote yakaanguka. Miji ikachomwa, watu wakatawanyika. Hata kuandika wakasahau, kwa mamia ya miaka."

"Wakasahau kuandika?" Bi Hamdiya alishangaa. "Watu wazima?"

"Wazee walikufa bila kufundisha. Ndivyo inavyopotea elimu, bibi. Halafu wakaanza upya. Walipata herufi kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa bahari kutoka pwani ya Sham. Wakaongeza herufi zao za kutamkia a na e na o."

"Hawakuona haya kuazima?" aliuliza Bi Masouda.

"Wewe barua zako za Kiswahili unaziandika kwa herufi gani?"

"Za Kiarabu, nilizofundishwa chuo cha Kurani."

"Basi nawe umeazima. Hakuna watu walioendelea kwa kujifungia ndani."

Akaendelea. Miji ile, alisema, ilikuwa na lugha moja na ada moja, lakini kila mmoja ulikuwa dola mbali. Sparta ilikuwa ya askari. Mtoto wa kiume alichukuliwa kwa mamake akiwa na miaka saba, akalelewa kambini, na wakubwa wakila mchuzi mweusi wa damu.

"Hao hawakuwa na mpishi," alisema Bi Nasriya.

"Athens ilikuwa mji wa maneno. Hapo mwanzo walitawaliwa na wakubwa wachache. Polepole wakajifunza kuamua mambo kwa pamoja. Wenyeji walikusanyika uwanjani, wakasikilizana, wakapiga kura. Kazi nyingi za mji walizigawa kwa bahati, kwa kuchagua maharage. Leo wewe, kesho mwenzio. Kazi inayotaka ufundi, kama ya jemadari, hiyo waliipigia kura. Na mtu akizidi ubwana, waliweza kuandika jina lake kwenye kigae. Likizidi kuandikwa, anatolewa mjini miaka kumi."

Kila mmoja aliviangalia vile vigae chini, kisha akawaangalia wenzake wawili.

"Na wanawake walipiga kura?" aliuliza Bi Masouda.

"La. Wanawake hawakupiga, wala watumwa, wala wageni."

"Ndiyo maana hawakudumu."

Bi Muhsina alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Hawakudumu, kweli. Mfalme wa Uajemi alipowavamia, miji mingi ilishikamana, wakamshinda. Zikaja siku zao njema. Walijenga, wakasoma nyota, wakatibu wagonjwa, wakabishana juu ya haki ni nini. Vitabu vyao vilikuja kutafsiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad, na wanavyuoni wetu wakavisoma. Lakini Athens ikajiona. Ikataka miji mingine iitii. Wakapigana na Sparta karibu miaka thelathini. Walipokwisha kuchoka wote, alikuja mfalme wa Masedonia, jirani yao wa kaskazini, akawachukua."

"Masedonia wetu nani?" aliuliza Thabit.

"Mzee Marhoon akimposea mwanawe nyumba nyingine, utamjua."

Bi Masouda alimtazama binti yake, naye alikuwa ameinamia ungo, machozi yanadondoka kwenye mchele. Kwa mara ya kwanza wale watatu waliona haya pamoja.

"Tufanyeje, Mwalimu?" alisema Bi Nasriya kwa sauti ndogo.

"Kwanza mapumziko. Wagiriki walikuwa na michezo ya Olimpia kila baada ya miaka minne. Wakati huo iliwekwa amani maalumu, wasafiri wapite salama. Nanyi Ijumaa hakuna kugombana. Mwenye neno aliweke mpaka Jumamosi. Pili, kahawa, kupokea wageni na usafi wa ua ni kazi za kila mtu, zigawanywe kwa maharage. Pilau ni ufundi, ipigiwe kura. Chukueni vigae. Kila mtu aandike mpishi bora wa nyumba hii, na chini yake wa pili."

Maharage yalikwenda upesi, kila mmoja akachota lake bila kutazama. Kahawa ikamwangukia Bi Hamdiya. Kupokea wageni kukamwangukia Bi Masouda. Bi Nasriya alipata kusimamia usafi wa ua, akanuna. Kisha wakachukua makaa, kila mmoja akageukia ukuta akaandika. Thabit akapewa vigae avisome.

"Cha mke wangu," alisoma. "Wa kwanza Masouda. Cha dada. Wa kwanza Nasriya. Hiki cha Hamdiya." Akakohoa. "Wa kwanza Hamdiya."

"Kura ni siri, Thabit," alisema mkewe.

"Siri gani, na mmejiandika wenyewe?"

"Soma wa pili," alisema Bi Muhsina.

Thabit akasoma, akarudia kusoma. "Mahfoudha. Mahfoudha. Mahfoudha."

"Basi amepata," alisema Bi Muhsina. "Msione haya. Walipokwisha kumshinda Mwajemi, majemadari wa Kigiriki walipiga kura nani amefanya vizuri zaidi. Kila mmoja alijitaja yeye kwanza. Wa pili, wengi wakamtaja jemadari wa Athens. Basi kila mtu akajua ni nani."

Mahfoudha alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mwenye kuposwa apike pilau ya posa yake?" aliuliza.

"Jikoni nani atakuona?" alisema Bi Hamdiya. "Wewe pika tu."

Ijumaa ilifika. Ua ulikuwa umefagiwa kuanzia mlangoni mpaka kisimani, na kurudi. Maneno yaliyowekwa mpaka Jumamosi yalikuwa mengi. Bi Nasriya alipita jikoni, akaona bizari imetiwa kabla ya wakati anaoujua yeye, akaziba mdomo kwa mkono akatoka nje kupunga upepo.

Mzee Marhoon aliingia polepole. Macho yake yalitafuta mabirika. Alikula pilau, akaongeza, akaongeza tena. Bi Hamdiya aliingia na birika moja, la kahawa ya iliki, maana walikubaliana mgeni apewe anayoijua. Mzee akapumua. Alikuwa ndiyo kwanza ameweka kikombe chini na kusafisha koo, Bi Nasriya akatokeza mlangoni. Mkononi ana birika la tangawizi.

Hakukusudia ubaya. Mkono tu ulikuwa umezoea. Mzee Marhoon aliliona, akashika kifua.

Maisha yake yote Thabit hakuwahi kumkatalia dada yake kitu. Aliwaza cherahani yake, akatamani kuwa dukani. Kisha akamkumbuka mwanawe akilia juu ya ungo.

"Dada," alisema, "kahawa leo ni zamu ya Hamdiya."

Bi Nasriya alisimama. Wote walingoja dari ianguke. Akalitazama birika, akamtazama mdogo wake kama aliyemwona leo.

"Kweli," alisema. "Si yangu." Akageuka, akaenda kuinywa mwenyewe uani.

Mzee Marhoon aliachia kifua. "Thabit, nyumba hii sasa ina mwenyewe," alisema. "Basi nimekuja kumposea Aflah."

Jibu la posa halitolewi palepale, basi nyumba ikapewa wiki nzima. Wiki hiyo zamu ziliendelea. Ua ulikuwa safi, ufagio haukufichwa, na Thabit alianza kunywa chai amekaa. Ugomvi haukwisha. Ulikuwa na saa yake sasa, baada ya alasiri, na kila mtu alisema bila kukatwa.

Siku ya jibu walikutana uani, na Bi Muhsina akaalikwa. Bi Masouda alisema kwa zamu yake, kuwa Aflah ni mpole na atamtunza Mahfoudha. Bi Nasriya akasema ni mfupi kidogo, lakini ana kazi. Bi Hamdiya akasema uzuri wa mume si urefu, bora wakubali leo leo. Thabit aliona mambo yanakwenda vizuri mno, akaokota vigae.

"Haya, tupige kura," alisema. "Mahfoudha, wagawie wakubwa makaa."

Mahfoudha alikusanya vigae vyote mapajani mwake. Hakugawa hata kimoja.

"Baba," alisema, "pilau mlinipigia kura, nikapika. Hapa mpigaji ni mmoja tu." Akachukua makaa, akaandika jina la Aflah kwenye kigae kikubwa kuliko vyote, akampa baba yake ampelekee Mzee Marhoon.