Karatasi Zilizopigwa Pasi

Habari hii nilisimuliwa na wifi yangu mwaka jana, alasiri moja tulipokuwa tunakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Yalimpata yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili. Nami nawaandikia ninyi, wajukuu zangu, kama alivyonipa.

Kila jioni wifi alipiga pasi sare za shule, yake na ya mdogo wake. Pasi ilikuwa ya mkaa. Aliipenda kazi ile. Nguo zilinukia jua, mvuke ulipanda polepole, na mawazo yake yakapanda nao mbali, hata akiitwa hasikii. Mdogo wake alikuwa haoni tangu kuzaliwa. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa na maneno.

Zamani hizo mtoto asiyeona alibaki nyumbani. Watu walisema, "Atasoma nini, maskini?" na mambo yakaishia hapo. Lakini mama yao na wenzake wawili, wenye watoto wasioona kama Chiriku, walikataa. Kila asubuhi walikwenda kukaa mlangoni kwa mwalimu mkuu, ushonaji mapajani.

"Mnangoja nini hapa, mama zangu?" akawauliza.

"Tunangoja watoto wetu waingie darasani," wakajibu, na sindano zikaendelea.

Mwisho mwalimu mkuu alichoka kuwaruka. Akatoa madawati mabovu stoo, akayarundika barazani kwa muda, na stoo ikawa darasa. Akaja mwalimu wa kike aliyejua nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Unabonyeza karatasi ngumu kwa kijimsumari, kisha unaigeuza, na vinundu vinakuwa vimetokeza upande wa pili.

Muhula ulipokaribia kuisha, tukasikia mkaguzi anakuja. Nasema "tukasikia" kama vile nilikuwapo, maana wifi anajua kusimulia. Mkaguzi akiona watoto wale wanasoma kweli, darasa litabaki. Akiona hawasomi, stoo itarudi kuwa stoo, na wao watarudi nyumbani. Chiriku ndiye aliyechaguliwa kumsomea insha yake.

Insha ilihusu mvua. Aliandika kwamba mvua ikinyesha ndipo anapoijua sura ya kila kitu: bati liko hapa, ndoo iko pale, mti uko kule, na uwanja mzima unamjia masikioni kama chumba chake mwenyewe.

Jioni ya kuamkia siku ya mkaguzi, sare zikiwa tayari, wifi aliziona karatasi za insha juu ya begi. Zilikuwa zimejikunja pembeni. Akawaza, mgeni mkubwa asomewe karatasi zenye makunyanzi? Akazitandaza mezani, akapitisha pasi. Taratibu, kwa upendo, huku akiota ndoto zake za mvuke. Karatasi zikalala vizuri kama shuka.

Kisha akapitisha kidole. Laini. Hakuna hata kinundu kimoja.

Mama alikuwa jikoni, Chiriku alikuwa anaimba kibarazani. Neno lilimfika kooni, akalimeza. Akazirudisha karatasi kwenye begi.

Kesho yake darasa lilijaa, hata wanafunzi wa madarasa mengine waliingia kusikiliza. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, hacheki. Wifi alikaa nyuma, na kila kitu kilimjia kwa mbali, kama anayesikiliza akiwa ndani ya maji. Alimwona Chiriku akiweka vidole juu ya karatasi. Vidole vikaenda, vikarudi, vikaenda tena. Chiriku, ambaye hakosi neno, akaigeuza karatasi, akaipapasa upande wa pili.

"Soma, binti," mkaguzi akasema.

"Hakuna kitu hapa, mzee."

Mkaguzi akamgeukia mwalimu mkuu. "Ndilo nililolihofia. Mnawachosha bure watoto hawa."

Hapo wifi akajikuta amesimama. "Mimi ndiye! Nilizipiga pasi!"

Darasa likaangua kicheko. "Kapiga pasi insha!" mmoja akapiga kelele. "Kesho atafua daftari!"

"Kimya!" akasema mwalimu wa nukta nundu. Alizipapasa karatasi, akafumba macho kidogo. "Anasema kweli, mzee. Joto limevilaza vinundu. Tafadhali mpime upya. Mtoe nje, uninong'oneze neno lolote."

Chiriku akatolewa. Mkaguzi akainama, akanong'ona. Kijimsumari kikagonga tik, tik, tik. Chiriku akaitwa, akapewa karatasi, vidole vyake vikatembea.

"Ki-atu changu... cha kushoto... kinanibana." Akainua uso. "Pole, mzee. Nilikusikia ukichechemea tangu getini."

Mkaguzi alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi alisema, "Darasa hili lisifungwe. Na madawati mabovu yatafutiwe mahali pengine."

Baadaye mwalimu alimwita wifi pembeni. "Ungesema jana, mdogo wako angeandika upya na kulala kwa amani. Ulinyamaza, na watoto watatu nusura wapoteze shule. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Na ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza. Yeye ndiye anayejua anachohitaji."

Usiku wifi alimwomba msamaha mdogo wake, kitanda kwa kitanda.

"Nimekusamehe, Dada. Lakini nifundishe kupiga pasi."

"Utaungua wewe!"

"Kwani wewe hukuungua ulipoanza?"

Wifi akafikiri. Aliungua, tena mara nyingi. "Nataka nguo zangu nizipige mwenyewe," Chiriku akasema.

"Haya. Kesho."

"Laleni, nyie!" Mama akaita kutoka chumbani, kisha akakoroma yeye kwanza. Chiriku akafuata. Wifi alibaki akiwaza mahali pa kumshikisha mkono mdogo wake kwenye ule mpini wa pasi, asogeze vipi, ainue lini, na katikati ya kuwaza macho yakajifumba, naye akalala.