Mikungu Miwili kwenye Mkondo wa Pemba

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kwake Kijenge, Arusha, kabla hakujapambazuka. Elinipa alikuwa akifunga mikungu miwili ya ndizi ndani ya shuka. Binti yake Tabea alikuwa amejifungua Pemba, na kwao Meru mzazi hapikiwi mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwa ndizi za kununua mama yake angali hai.

Alipanda basi hadi Tanga, na hapo akaingia chombo cha kuvukia Pemba. Alasiri, katikati ya mkondo, bahari ikachafuka.

Chomboni walikuwa watatu: Elinipa, rubani Nikhil, na Shaista, binti wa muuza vitambaa wa Arusha aliyekuwa akimfuata mumewe Wete. Chombo chenyewe kiliruka kimo cha mtu tu juu ya maji, kikibebwa na hewa iliyobanwa kati ya mabawa na bahari. Kwenye maji tulivu hata chai isingemwagika. Sasa mawimbi yalipita kile kimo. Nikhil alijaribu kukiinua; pua ikapanda, mkia ukabaki chini. Wimbi likapiga ncha ya bawa.

Kishindo! Chombo kikaangukia maji. Shaista aligonga paji la uso, damu ikamjaa macho.

"Bibi, u mzima?" Nikhil alipaza sauti.

"Mzima. Huyu binti ameumia."

Elinipa alichana khanga yake, akamfunga jeraha. Shaista, huku akitetemeka, akavua mtandio wake, akamfunika bibi mabega yaliyolowa. Hata katika hali ile!

"Maji yanaingia nyuma, mkia unazama," alisema Nikhil. "Kuna nini huko? Mizigo yote niliipima!"

Elinipa aliinamia kiti chake. "Mwanangu, chini ya kiti changu kuna ndizi. Nilizipitisha ulipogeuka."

"Kiasi gani?"

"Mikungu miwili."

"Bibi! Hili siyo basi la Moshi!"

Shaista aliangua kicheko, kisha akashika kichwa kwa maumivu.

Elinipa alifungua shuka, akaburuta mkungu wa kwanza mlangoni, akautupa. Wa pili aliukumbatia kidogo, akausukuma nao. Mkia ukainuka hadi ufa uliokuwa ukiingiza maji ukatokeza juu. Elinipa akauziba kwa ile shuka, akaanza kuchota maji na kuyamwaga nje kwa sufuria aliyoibeba ya kupikia mtori.

"Tutaruka tena?" Shaista aliuliza.

"Kwa mawimbi haya, hapana. Lakini kinaelea, na injini moja ni nzima. Tutakwenda kama mashua. Shika dira, uniambie tukiacha mashariki."

Wakaenda hivyo, wakipanda na kushuka, chumvi ikiwachoma midomo. Chupa ya maji ilikuwa moja. Ilipomfikia Nikhil, alilowesha ulimi tu, akairudisha kwa majeruhi.

"Kaskazini kidogo! Rudi! Hapo hapo!" Shaista alielekeza, hadi kijani cha mikarafuu kikatokea mbele.

Chombo chenye bawa lililovunjika kiliingia gati la Wete kwa nguvu zake chenyewe. Watu walikimbia na kamba. Elinipa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Bahari ikichafuka hakitabeba abiria tena," Nikhil alisema, akilia na kucheka. "Lakini kimetufikisha, Bibi!"

Kesho yake, baada ya kumpakata mjukuu, Elinipa alipeleka uji hospitali. Shaista, mwenye nyuzi kwenye paji, aliumaliza wote. Bibi alipoinuka, Shaista akamshika mkono, hakuuachia.

"Bibi, na kesho utakuja tena?"