Spana Namba Kumi na Saba

Baba Pacha alikuwa fundi magari. Gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Ilikuwa na paa la mabati, meza ndefu ya mbao, na sakafu yenye madoa ya oili. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani. Cherehani ililia huku, nyundo ikalia kule. Hivyo ndivyo walivyowalea binti zao wawili.

Wiki ile walikuwa na mgeni. Mama yake Mama Pacha alikuja kuwaona wajukuu. Baba Pacha alimwonea haya sana mama mkwe wake. Alimsalimia kwa adabu, kisha akakimbilia gerejini. Alijua tu kwamba bibi huyu alistaafu kazi kwenye kampuni ya mabasi. Miaka yote alidhani alikuwa mkata tiketi.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati alileta gari lake.

"Fundi, breki ya mbele inasaga chuma," alisema. "Na leo saa tisa lazima nipande mlimani. Kuna mama mjamzito wa kumleta hospitali. Nitalipata?"

"Saa nane litakuwa tayari," alijibu Baba Pacha.

Alinyanyua gari kwa jeki na kulitegemeza vizuri. Akatoa gurudumu. Breki ilishikwa na bolti mbili. Ya kwanza ilifunguka bila shida. Ya pili ilikuwa imeshika kutu.

Baba Pacha alichukua spana namba kumi na saba kutoka kwenye seti yake mpya. Mchuuzi ndiye aliyemletea pale pale gerejini. Vipande ishirini na vinne, vinang'aa kama vijiko vya harusi! Aliingiza mdomo wa spana kwenye bolti. Akasukuma kwa uzito wake wote.

Spana iliteleza. Ngumi yake ikagonga chuma.

"Mama yangu!"

Mama Pacha alikuja mbio, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Damu ilikuwa inachuruzika.

"Kunja vidole," alisema.

"Havikunjiki."

Fundi bila mkono ni fundi gani? Mama Pacha aliufunga mkono kwa kitambaa safi, wakaenda zahanati. Pale mganga alibonyeza mfupa mmoja baada ya mwingine. Akamwambia afungue kiganja, afumbe, afungue tena.

"Hakuna kilichovunjika," alisema mganga. "Ngozi imechubuka na nyama imevimba. Una bahati."

Mama Pacha alishusha pumzi kama tairi lililotobolewa.

Waliporudi, walimkuta mama mkwe amechuchumaa kando ya gari. Amevaa miwani. Mkononi ana ile spana.

"Mama, acha tu, utajichafua," alisema Baba Pacha kwa aibu.

"Mwanangu, mimi nimechafuka miaka ishirini na minane. Nilikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya mabasi. Spana mbaya zote zilirudi kwangu, na damu za mafundi juu yake."

Baba Pacha aliduwaa. "Kumbe Mama ni mtu wa spana?"

"Ungejuaje? Kila siku unanikimbia kama mimi ni askari wa barabarani."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama mkwe alichukua bolti mpya ya namba kumi na saba mezani. Akaiingiza kwenye mdomo wa spana. Ikacheza kushoto na kulia.

"Umeona? Chuma chake ni laini, kwa hiyo mdomo umepanuka. Spana inayocheza inakula pembe za bolti, kisha inateleza."

"Lakini ilikuwa inang'aa, Mama."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa tazama. Spana hii ina pande mbili. Huku mdomo, kule ringi. Mdomo unashika pande mbili tu za bolti. Huo ni wa kuzungushia bolti ambayo tayari imelegea. Ringi inaizunguka bolti yote. Bolti ngumu anza na ringi."

Alimwagia bolti yenye kutu mafuta ya kulegeza. "Tuyaache yanywee. Binti yangu, lete futi yako. Pima nafasi ya kuzungusha hapa."

"Sentimita ishirini na nane," alisema Mama Pacha.

Walikwenda dukani. Muuzaji aliweka mezani spana tatu za namba kumi na saba. Baba Pacha aliishika ile ndefu kuliko zote.

"Hii ndiyo yenye nguvu!"

"Ndefu inaongeza nguvu, kweli," alisema mama mkwe. "Lakini ina sentimita thelathini na tatu. Itazunguka wapi? Tena ukiizoea, utakata bolti kwa kukaza kupita kiasi. Hii fupi inaingia kila mahali, lakini haina nguvu. Chukua ya katikati."

Aliomba tone la oili, akampaka Baba Pacha kwenye kiganja cha kushoto. "Shika. Inateleza?"

"Haitelezi. Na kingo zake hazinikati."

Waliingiza ile bolti mpya waliyotoka nayo gerejini. Haikucheza. Ndani ya ringi mlikuwa na pembe sita, zenye kukumbatia bolti vizuri. "Pembe sita ni nzuri kwa bolti iliyolika," alisema mama mkwe. Kisha akamgeukia muuzaji. "Mdomo ukipanuka, utabadilisha?"

"Nitabadilisha, mama. Hata mwakani."

"Nichukue seti nzima?" aliuliza Baba Pacha.

"Kila siku unatumia namba ngapi?"

Alifikiri. "Kumi, kumi na mbili, kumi na nne na kumi na saba."

"Basi nunua hizo nne. Bei yake ni sawa na ya seti yako ya kung'aa, lakini hizi utazeeka nazo."

Saa saba walirudi kwenye gari. Mama Pacha ndiye aliyeshika spana, maana mkono wa mumewe ulikuwa umefungwa. Aliweka ringi na kuisukuma mpaka ikakaa sawasawa.

"Vuta kuelekea kwako," alisema mama yake. "Usisukume. Ukisukuma ikateleza, ngumi ndiyo inatangulia."

Alivuta. Kimya. Akavuta tena.

*Kwaa!* Bolti ikalegea.

"Imekubali!" alipiga kelele Baba Pacha. Aliisahau haya yake yote, akamkumbatia mama mkwe wake.

Walibadilisha pedi za breki. Bolti iliyolika hawakuirudisha, walifunga mpya. Mkunga alijaribu gari kwenye mteremko wa mtaa. Likasimama kimya, bila kusaga. Saa tisa aliondoka.

Saa kumi na moja simu ililia.

"Tumefika hospitali salama," alisema mkunga. "Mteremko wote breki zimeshika."

Baba Pacha aliketi juu ya tairi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mabega yake yalishuka.

Jumamosi uvimbe ulikuwa umekwisha. Vidole vilikunjika vyote vitano. Mama mkwe alikuwa anafunga mizigo yake. Baba Pacha alisimama mlangoni, akajikuna kichwa.

"Mama, kwani lazima uondoke leo? Nilitaka tuzungumze kidogo kuhusu jeki."