Kinanda Kisicho na Sauti Yake

"Bonyeza, dada. Hakiumi," muuzaji aliniambia.

Nilibonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Kimya vilevile.

Jasho likanitoka, ingawa mji wetu wa Aizawl, huku milimani India, ulikuwa na ukungu na baridi siku hiyo. Nimekiua! Kinanda cha kwaya kimekufa mkononi mwangu kabla hakijalipiwa! Na pesa zenyewe zilitokana na konzi za mchele ambazo mama zetu huweka kando kila wanapopika, kanisa likauze.

"Thangi, kuna nini?" Mawia alininong'oneza.

Muuzaji akacheka. "Hiki ni kinanda cha MIDI, dada. Hakina sauti yake. Kinaiambia kompyuta umebonyeza nini, halafu kompyuta ndiyo inayoimba." Akachomeka waya. Nilipobonyeza tena, sauti ikapasuka mpaka nikaruka nyuma.

"Msamehe, ana aibu," Mawia akasema. "Lakini ndiye mtunzi wetu. Chagua wewe, Thangi. Wewe ndiye unayejua."

Maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa najua nini mimi? Niliacha shule darasa la nne mama alipougua, nikakaa nyumbani kufuma nguo. Lakini Mawia, mwalimu wa kwaya, mtoto wa mwalimu mkuu, nilimwambia nimesoma mpaka darasa la kumi. Ilikuwa jioni ile ya kwanza alipokuja kwetu kunitembelea, tumeketi na mama kando ya meko. Uongo mmoja tu. Na sasa washenga wake walikuwa wanakuja kwetu Jumamosi.

Kuchagua kinanda hakukunishinda. Kulikuwa na cha vitufe themanini na nane, kirefu kama jeneza. Nikachukua cha vitufe arobaini na tisa, kwa sababu kuanzia besi ya chini mpaka soprano ya juu, kwaya yetu yote inaenea humo.

"Sasa programu ya kuandikia noti," muuzaji akasema. "Hii ndiyo kamili kuliko zote. Mnaionaje?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. Mistari mitano, na nukta nyeusi zimekaa juu yake kama sisimizi kwenye waya. Kanisani kwetu, tangu babu zetu, tunaimba kwa herufi: d, r, m, f, yaani do, re, mi, fa. Herufi ziko wapi? Niliogopa kuuliza. Nikamtazama Mawia. Alitikisa kichwa juu chini polepole, kama mtu anayeelewa.

"Nzuri sana," nikasema.

Tukalipa.

Jumatatu simu ikalia. Ujumbe wa Mawia: "Mzee Rokima anataka kuona kazi Jumatano kwenye mazoezi. Uingize wimbo wako mpya, uchape nakala thelathini. Mama yangu naye anakuja."

Sikula siku mbili. Nilipiga wimbo wangu kwenye kinanda, kitufe kimoja kimoja, kompyuta ya kwaya ikaandika nukta zenyewe.

Jumatano niligawa karatasi ukumbini. Kisha kaka mmoja wa besi akasema, "Hii ni nini, nguzo za umeme?"

Wakacheka. Mzee Rokima, mwenyekiti wetu, akavua miwani. "Herufi ziko wapi, binti?"

Mama yake Mawia akainuka na karatasi yake. "Mimi ni mgeni, nieleze tu. Hii nukta ya kwanza ndiyo do?"

Nikafungua mdomo. Uongo wa pili ulikuwa tayari ulimini. Ukagoma kutoka.

"Sijui, mama. Mimi siwezi kusoma hii. Hata shule ya msingi sikumaliza. Nilimdanganya Mawia."

Mama akamgeukia mwanawe. "Wewe ulikuwepo dukani. Mbona hukumzuia?"

Mawia alikunja karatasi yake. "Mama... hata mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Kusoma mistari hii. Nilidhani Thangi anajua. Niliogopa ataona anaolewa na mjinga."

"Lakini ulitikisa kichwa!" nikapiga kelele, mimi ambaye sijawahi kupiga kelele.

"Na wewe ukasema nzuri sana!"

"Kwa sababu ulitikisa kichwa!"

Mzee Rokima akashika paji la uso. "Kumbe mchele wetu umenunua vichwa viwili vya kutikisa. Kairudisheni programu hiyo."

"Hairudishwi ikishafunguliwa," Mawia akasema kwa sauti ndogo.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini kulikuwa na kitu nilichokiona nilipokuwa naandika wimbo ule.

"Mzee," nikasema, "chini ya nukta pana nafasi ya maneno ya wimbo. Hatuwezi kuandika herufi zetu hapo?"

Nikaketi kwenye kompyuta ya kwaya. Nilikosea mara tatu, nikafuta. Kisha zikatokea chini ya mistari: s, m, r, d. Besi wa nguzo za umeme akainama, akaanza kuimba. Soprano wakadakia.

Mama yake Mawia alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nani amekufundisha?"

"Hakuna, mama. Huwa naimba nikifuma, kisha naandika kwenye daftari."

Alichukua mwavuli wake, akatoka.

Nilifika nyumbani nikiwa nusu mfu. Simu ikawaka.

"Thangi, mama anasema washenga hawaji Jumamosi."

Nikakaa chini palepale mlangoni. Kwisha. Simu ikawaka tena.

"Wanakuja kesho. Anaogopa kwaya ya mtaa wa juu itakuposa kabla yetu. Unakubali?"

Nilitikisa kichwa kukubali huku machozi yananitoka. Kisha nikakumbuka kutikisa kichwa kulivyotuponza.

Nikaandika: "Ndiyo, kaka Mawia. Safari hii nimeelewa."