Kongelateri Iliyogoma Jumatatu Hadi Ijumaa

— Mama Josée, hii kongelateri haina ugonjwa.

Fundi Stanislas alitamka hayo akiwa amepiga magoti, kichwa ndani ya friza hiyo, kama mtu anayeungama. Harufu ya samaki walioanza kuoza ilikuwa imemtoa machozi, hivyo alifanana na aliyetubu kwelikweli.

— Haina ugonjwa, na samaki yangu inaoza?

— Gaz iko. Mpira ya mulango inashika muzuri. Kompresa ni muzima. Mara ya tatu mi nakuya hapa, mara ya tatu sioni kitu.

Josée aliketi juu ya kreti tupu. Zilibaki siku tatu. Mumewe, Mbayo, alikuwa ametoa hukumu kwa simu: kongelateri ikiharibika tena, biashara ya samaki imekwisha, na Jumamosi Josée atapanda basi kwenda kwa mama yake Likasi, mpaka Mbayo apate nyumba Fungurume, alikohamishiwa kazi. Ndoa ya miaka sita ilitegemea sanduku la barafu.

— Inakataa siku gani? aliuliza fundi.

— Lundi mpaka vendredi, alisema Josée, akihesabu Jumatatu hadi Ijumaa kwa vidole. Samedi na dimanche inagandisha mpaka maji inakuwa jiwe.

— Samedi kunakuwaka nini?

— Bwana yangu anarudi.

— Basi inamupenda kukupita weye.

Josée hakucheka. Stanislas akachomeka kipima umeme ukutani, akakitazama kwa muda mrefu.

— Volti mia moja na hamsini. Kompresa inajaribu kuamka, inashindwa, inalala tena. Kuko mutu anakunywa courant yako, mama. Zima kila kitu.

Josée alizima taa, televisheni, pasi na kongelateri yenyewe. Nyumba ikawa kimya. Mita ya umeme ikaendelea kuzunguka kwa furaha.

Waliona waya wa pili, wakaufuata. Ulitoka nyuma ya mita, ukashuka ukutani, ukazama chini ya tuta la matembele. Mbayo, ambaye hakuwahi kushika jembe maishani, aliyapanda matembele hayo mwenyewe na akakataza yeyote asichimbe pale. Ukoo mzima ulimsifu.

Stanislas alifukua kwa bisibisi mpaka kwenye ukuta wa jirani.

— Mama, mu Kolwezi kila mutu anapatia jirani waya. Lakini tunaipitisha juu, watu waone, tusalimiane. Haizikwi kama maiti.

— Kule ni kwa Abigaëlle, alisema Josée polepole. Anaishi peke yake. Ni mteja yangu.

— Ananunuaka ngapi?

— Samaki mbili.

— Kila siku?

Josée aliugeukia ukuta.

— Lundi mpaka vendredi, alisema.

Akatoa simu, akapiga.

— Chéri, uko wapi?

— Ku kazi, Fungurume. Vumbi mingi. Kongelateri namna gani?

— Imekufa.

— Pole. Nilikuambia. Funga mizigo.

Nyuma ya sauti yake redio iliimba na mafuta yalichemka kikaangoni. Josée alimtazama Stanislas, akatikisa kichwa kukubali. Koleo likabana. Waya ukakatika.

Redio ikanyamaza.

— Aa, courant imeenda, alisema Mbayo.

— Fungurume?

— Ee. Hapa Fungurume njo hivi.

Kisha Josée akasikia sauti ya mwanamke kwa masikio yote mawili, moja kupitia simu, jingine kupitia ukuta:

— Tata Mbayo, réchaud imezimika. Samaki haijaiva.

Mbayo alishusha sauti.

— Josée?

— Mwambie aweke ku makala, alisema Josée, akakata.

Stanislas aliwasha kongelateri, akatazama kipima umeme. Volti mia mbili na ishirini. Kongelateri ikakohoa, ikaunguruma.

Jioni ukaja ujumbe: «Josée, si vile unawaza. Nitakueleza samedi.»

Akajibu: «Kuja. Bintu byako biko tayari.»

Jumamosi Mbayo alifika na uso wa shemasi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Barazani hakukuwa na vitu vyake, ila kongelateri ikiunguruma.

— Bintu biko wapi?

— Fungua kongelateri, Josée alijibu dirishani.

Alifungua. Suti yake ya kanisani, iliyoloweshwa siku mbili kabla, ililala katikati ya samaki. Alipoivuta ilitoka imesimama, ngumu, mikono wazi, kama inataka kumkumbatia.

— Josée, huu ni mchezo gani?

— Kongelateri imepona. Beba, baridi isitoke.

Akaiweka kwapani kama ubao, akaondoka. Nje ya lango iliacha matone mpaka kwenye mlango wa Abigaëlle.

Josée akatoka, akapanga samaki, akashusha kifuniko, akakikalia mpaka mpira ushike. Ndipo akalia.