Maumivu Aliyoyaficha Ildefons

Mume wangu, Ildefons, alikuwa na nguvu. Hapa Kashozi alipanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani bila kupumzika. Kwaya ya parokia ilipopanga kupanda Mlima Kilimanjaro, yeye alijiandikisha wa kwanza.

"Utaweza?" nilimuuliza.

"Mama Kamala, mlima unapandwa kwa moyo," alijibu.

Nesi Annastella, jirani yetu, alimsikia. "Shemeji, moyo ni mzuri. Lakini huko juu hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma, mwambie mwongozaji. Usiendelee kupanda."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikamfungia akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye jani kavu la mgomba. Hapa kwetu tunaitafuna kuondoa uchovu. Nilidhani itamsaidia.

Siku ya tatu mlimani, kichwa kilimuuma. Akatapika. Mdogo wake, Avit, alikuwa naye.

"Kaka, tumwambie mwongozaji."

"Nyamaza! Atanirudisha. Nimeaga parokia nzima, waitu, ndugu yangu!"

Akatafuna akamwani, akaendelea kupanda. Mwongozaji alipomuuliza hali, alisema, "Mimi mzima."

Kesho yake alitembea akiyumba kama mlevi. Alimwita Avit kwa jina la marehemu baba yao. Ndipo wakamteremsha haraka. Walikuwa wamechelewa. Ildefons alifia njiani.

Baada ya mazishi, Avit alimuuliza Annastella, "Alikuwa na nguvu kuliko sisi sote. Kwa nini yeye?"

"Ugonjwa wa mlima haujali nguvu wala ujasiri," nesi alisema. "Mwili unahitaji siku za kuizoea ile hewa. Panda polepole. Kichwa kikiuma, sema, na ubaki hapo hapo. Kikizidi, au ukianza kuyumba, shuka mara moja, hata kama ni usiku."

"Na kahawa?" niliuliza. Niliogopa jibu.

"Kahawa inaficha uchovu, Mama Kamala. Ugonjwa huo haiutibu."

Nililia sana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Afadhali lingekuwa guu, maana guu huungwa.

Mwaka uliofuata kwaya ilirudi mlimani. Safari hii waliongeza siku mbili za kupumzika njiani. Kila jioni waliulizana wawili wawili: kichwa kinauma? Umekula? Hakuna aliyeruhusiwa kuficha.

Siku ya nne Avit alisema, "Kichwa kinaniuma, na kinazidi." Mwongozaji mmoja alishuka naye saa ile ile. Walipofika chini, maumivu yakapungua.

Huku nyumbani vijana walimtania, "Avit, kilele umekiacha wapi?" Alikuja kwangu ameinamisha kichwa.

"Shemeji, sikufika," alisema.

Nilimshika mikono yote miwili. Ilikuwa na joto.

"Umefika, Avit. Hapa nyumbani ndipo tulipotaka ufike."

Laiti ningemwambia Ildefons maneno hayo kabla hajaondoka.