Majibu Mazuri ya Adela

"Umejifuta mwenyewe kwenye orodha, Adela. Mimi niliandika ulichosema."

"Kwani hukuwa na macho? Ulikuwa unakuja hapa, unaniona."

"Nilikuona umependeza."

"Ndiyo ujinga wenyewe huo."

Adela na Eustaki walikuwa katikati ya soko la nafaka Sumbawanga, makuli wakiwapita na magunia mabegani. Adela alivaa sweta jekundu juu ya kitenge, kilemba amekikaza kama cha kwenda kanisani. Nyuma yake, mahindi yake yalikuwa yanapakiwa kwenye lori la Baltazari, dalali ambaye kila Julai hununua kwa bei ya kutupa. Asipouza leo, kesho hana rejesho la mkopo wa chama chao cha akiba. Akiuza, mvua zikija atayanunua mahindi hayohayo kwa bei maradufu, na wanawe wawili watalala njaa kama mwaka huu.

Eustaki ndiye mtu wa takwimu wa chama. Chama kilikwishaona kwamba kuwa na akaunti tu hakumshibishi mtu. Kwa hiyo kila mwezi Eustaki huwapigia wanachama simu: mnakula mara ngapi, mtoto akiugua leo hela itatoka wapi, unalala bila mawazo? Anayebanwa, rejesho lake linasogezwa hadi Februari, mahindi yakishapanda bei.

Walifahamiana hapohapo sokoni wakati wa mvua, kishikwambi cha Eustaki kilipoangukia kwenye pumba na Adela akakipangusa kwa kanga. Tangu hapo simu zake zilianza na maswali zikaishia kwenye vicheko.

"Mnakula mara ngapi, mama?"

"Tatu, na chai ya saa nne."

"Basi nikaribishe."

"Njoo na mboga."

Chai yenyewe haikuwepo, na kwa majibu hayo mazuri rejesho lake halikusogezwa.

"Kwa nini uliniongopea?" Eustaki alishusha sauti.

"Ulitaka nikulilie njaa, halafu ndiyo uniite mpenzi?"

"Nilikupenda wewe, sikupenda chai ya saa nne."

"Ungenionea huruma tu."

"Labda. Lakini na mimi nimekosa. Ningekuwa naongea na mzee wa kijijini Muze ningembana. Wewe nilitaka ujibu upesi, tuongee yetu."

Adela alitaka kucheka, akajizuia. "Basi rekebisha. Kishikwambi hicho hapo, andika Adela hana kitu."

"Siandiki."

"Eustaki."

"Siandiki, mpenzi. Watasema nampendelea mwanamke wangu, na wenzako wote waliosogezewa watatiliwa shaka. Atakuuliza Hellena wa ofisini."

"Yule mkali?"

"Huyohuyo."

Akapiga. "Dada Hellena, kuna mwanachama nimeharibu taarifa zake. Nampenda, ndiyo maana. Mchukue wewe." Akamkabidhi Adela simu, akaenda kusimama upande wa pili wa mizani asisikie.

"Kabla ya kuvuna mlikuwa mnakula mara ngapi?" Hellena hakusalimia.

Makuli wawili walikuwa wamesimama karibu. Soko zima linamjua Adela kama mama asiyeomba.

"Mimi mara moja," alisema, bila kushusha sauti. "Wanangu mara mbili."

Akajibu yote hivyohivyo, hadi la usingizi.

"Rejesho lako linasogea hadi Februari," Hellena alisema. "Mwezi ujao nakupigia mimi. Na huyo mwanaume mwambie arudi kazini."

Adela akamrudishia Eustaki simu. "Sasa wewe kwangu ni nani, kama si wa ofisi?"

"Sema wewe."

"Jumapili baada ya misa twende Kate, kijijini kwetu, ukamwambie baba unanioa. Vaa koti. Kule kuna baridi, na baba ana maneno."

"Nitavaa."

"Baltazari," Adela aligeuka, "shusha mahindi yangu."

"Mama, lori limeshajaa."

"Hujapima, hujalipa. Shusha."

Dalali akaangalia pembeni kama hakusikia. Adela akavua kandambili, akapanda juu ya gurudumu, akalivuta gunia la kwanza. Eustaki akaweka bega chini ya gunia.